Uliza Ujibiwe: Protini iliyokunjika kombo na kemikali za kuinyoosha

Toleo lililopita tuligusia, kwa aya moja tu, kwamba baadhi ya maradhi ya kurithi hutokana na protini kukunjika vibaya ndani ya seli, na kwamba zipo kemikali zinazoisaidia protini hiyo ipate umbo lake. Kemikali hizo huitwa chaperoni za kikemikali. Barua za wasomaji wa Mtwara na Lindi zimekuja nyingi kuliko tulivyotazamia. Tunajibu hizi nane. Ya mwanafunzi wa maabara tumeipa nafasi kubwa kwa sababu ameuliza mambo yanayoharibu kazi za watu wengi.

Nanunua papa Msimbati na kuuza ng'onda sokoni Mtwara. Mteja mmoja amesoma gazeti lenu, kaniambia papa ana kemikali inayotibu maradhi ya kurithi, na sasa anataka nimtafutie mafuta ya papa ampe mjukuu wake. Nimuuzie?
*Mchuuzi wa samaki, Msimbati*

Kwa sababu hiyo, usimuuzie. Kemikali ipo kweli, ila haimo kwenye mafuta, na hata ingekuwemo isingetosha.

Damu na nyama ya papa vimejaa urea, kadiri ya milimolari 350 hadi 400, wakati damu ya mtu mwenye figo nzima kwa kawaida haizidi milimolari 7 hivi. Urea hiyo humkinga papa asinyonywe maji na bahari, lakini hujishikiza kwenye uti wa mnyororo wa protini na kuufumua. Papa anasalimika kwa kuwa anayo kemikali ya pili, trimethilamini oksidi, kwa kifupi TMAO, inayokaribia nusu ya kiasi cha urea. Mwaka 1979 Paul Yancey na George Somero walionyesha kwamba kwa uwiano huo wa urea mbili kwa TMAO moja, kemikali hizi hufutana: moja inafumua, nyingine inakaza. Hapo ndipo lilipochipuka wazo la kujaribu TMAO kwenye protini za wagonjwa.

Pua yako inazijua zote mbili. Papa akicheleweshwa kutiwa chumvi, bakteria huigeuza urea kuwa amonia, ndiyo ile harufu inayochoma macho, na TMAO huigeuza kuwa trimethilamini, ambayo ndiyo shombo. Kwa hiyo ng'onda iliyoanza kunuka imeshapoteza sehemu ya hicho mteja wako anachokitafuta. Mafuta ya ini hayahusiki kabisa, kwani TMAO huyeyuka kwenye maji. Kilichojaa kwenye mafuta hayo ni vitamini A, na mtoto akizidishiwa hiyo ini lake hudhurika.

Sasa hesabu. Seli za maabara huhitaji TMAO ya milimolari 100 hivi ili protini ikae sawa. Mtu wa kilo 60 ana maji kadiri ya lita 36 mwilini. Ili maji yote hayo yafikie kiwango hicho, anahitaji gramu 270 za TMAO ndani ya mwili kwa wakati mmoja, huku figo zikiitoa kwenye mkojo bila kupumzika. Kwa gliseroli, kemikali nyingine iliyojaribiwa sana, kiwango cha maabara ni molari 1, na molari 1 katika lita 36 ni kilo 3.3. Chaperoni nyingi za kikemikali zilikwamishwa na hesabu hii kabla hazijafika kwa mgonjwa hata mmoja.

Ninafundisha biolojia kidato cha sita. Wanafunzi wanauliza: kama jeni ndiyo mbovu, kemikali inarekebishaje protini bila kuigusa jeni? Na kuna jaribio lolote tunaloweza kulifanya bila vifaa vya gharama?
*Mwalimu, Masasi*

Mwalimu, mfano uliochunguzwa kuliko mingine yote ni ugonjwa wa saistiki faibrosisi, unaojaza makamasi mazito kwenye mapafu na kongosho. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 1989 na makundi ya Lap-Chee Tsui, Francis Collins na Jack Riordan. Protini inayotengenezwa, CFTR, ni mlango wa kloridi kwenye utando wa seli na ina asidi amino 1,480. Badiliko lililoenea zaidi, F508del, linaondoa asidi amino moja tu, fenilalanini ya nafasi ya 508. Mnyororo unatengenezwa karibu mzima, lakini unapokunjwa ndani ya retikulamu ya endoplazimu, karakana ya seli ya kukunjia protini, unachelewa kukaa sawa. Seli ina wakaguzi wake pale. Wakiona sehemu zinazopaswa kufichwa ndani bado ziko nje, huitia protini alama ya ubikuitini na kuipeleka kwenye proteasomu ikavunjwevunjwe. Mlango haufiki kwenye utando, ingawa ungefika ungeweza kufanya kazi kwa kiasi. Kwa hiyo ugonjwa unaletwa zaidi na ukaguzi mkali kuliko na ubovu wa mlango wenyewe.

Mwaka 1992 ilionekana kwamba seli zenye F508del zikioteshwa kwenye nyuzi chini ya 30 badala ya 37, sehemu ya protini hukunjika na kufika kwenye utando. Jeni ilikuwa ileile. Mwaka 1996 gliseroli na TMAO zikatoa matokeo ya aina hiyo kwenye nyuzi 37. Sababu ni hii: kemikali hizi hazipendi kukaa karibu na uti wa protini. Protini iliyofumuka huonyesha uti mrefu zaidi kuliko iliyokunjika, kwa hiyo kufumuka kunakuwa na gharama kubwa ya nishati, na mizani inaelemea upande wa kukunjika. Hazichagui protini. Hukaza kila iliyomo, na kwa sababu hiyo zinahitajika nyingi mno.

Dawa zilizofanikiwa zilikwenda njia nyingine: molekuli inayoingia kwenye tundu moja la protini moja na kuishika. Kwa CFTR, lumakafta iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 ilileta nafuu ndogo. Mwaka 2019 ukaja mchanganyiko wa eleksakafta, tezakafta na ivakafta, ambao kwenye majaribio ulipandisha kipimo cha pumzi kwa kadiri ya pointi 14 za asilimia. Waeleze wanafunzi pia kwamba kwa wagonjwa weusi wa Afrika Kusini badiliko linaloonekana sana ni 3120+1G→A, linaloharibu uunganishaji wa ujumbe wa jeni. Protini kamili haitengenezwi, na dawa ya kukunja haina cha kukunja.

Kwa jaribio, tumia ute mweupe wa yai moja. Uchanganye taratibu na mililita 90 za maji yenye chumvi gramu 0.8, bila kutoa povu, kisha uchuje kwa kitambaa chepesi. Weka mililita 10 kwenye kila neli tatu. Ya kwanza ongeza maji mililita 2.5, ya pili sukari gramu 2 na maji mililita 1.25, ya tatu sukari gramu 4 peke yake. Maji hayo yanafidia nafasi inayochukuliwa na sukari. Ukiyasahau, neli yenye sukari itakuwa na protini hafifu zaidi na mwanafunzi mwerevu atakukamata. Zitumbukize kwenye sufuria ya maji, pandisha moto kwa nyuzi moja hivi kila dakika, na uandike nyuzi ambazo ukungu unaanza kuonekana. Neli isiyo na sukari huanza kwenye nyuzi 60 na kitu, na zenye sukari huchelewa. Kipimajoto kiwe ndani ya neli, maana maji ya sukari ni mazito na hupata joto polepole. Ukipima maji ya sufuria, utapata tofauti kubwa ya uongo. Koroga.

Shikamooni. Mwanangu ana miaka saba, ana sikoseli. Je, hizi dawa za kunyoosha protini zitamfaa?
*Mama, Nachingwea*

Marahaba, mama. Hapana, na si kwa sababu ya bei. Himoglobini ya sikoseli imekunjika vizuri tu. Tatizo ni asidi amino moja kwenye uso wake, valini mahali pa glutamati, nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta. Ikipoteza oksijeni, himoglobini moja hunasa nyingine na kujipanga nyuzi ndefu zinazoikunja chembe ya damu. Kasi ya kujipanga hupanda mno himoglobini inapokuwa nzito ndani ya chembe, hata kwa tofauti ndogo, ndiyo maana kunywa maji na kutibu kuharisha mapema kuna uzito kuliko watu wanavyodhani.

Kemikali ya kufumua nyuzi hizo ilishajaribiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wagonjwa walidungwa urea kwenye mshipa pamoja na maji ya sukari. Majaribio yenye ulinganisho yaliyochapishwa 1974 hayakuona faida, na urea inakojoza na kumkausha mgonjwa, kinyume cha anachohitaji. Vokseloto, inayojishikiza kwenye himoglobini ili isiachie oksijeni haraka, iliidhinishwa Marekani 2019, na Septemba 2024 kampuni ikaiondoa sokoni duniani kote kwa sababu ya matukio ya vifo.

Kinachofaa leo ni haidroksiyurea. Hiyo humfanya mtoto atengeneze himoglobini ya kichanga, ambayo haijiungi na nyuzi. Kwa kawaida huanzishwa kwa miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo kwa siku. Mtoto wa kilo 25 kwenye miligramu 20 anapata kidonge kimoja cha miligramu 500. Daktari huipandisha kwa hatua, huku akipima chembe nyeupe na chembe sahani kila baada ya wiki chache, kwa sababu dozi ikizidi uboho hulala. Usifungue kidonge kwa mikono mitupu, na ukiwa mjamzito mwache mtu mwingine akishike.

Mjomba anasema ualbino pia ni protini iliyokunjika vibaya, na kwamba dawa iko njiani. Ni kweli?
*Msomaji, Tandahimba*

Mjomba ana nusu ya ukweli. Ipo aina ya ualbino inayotokana na kimeng'enya cha tairosinesi kushindwa kukunjika na kunaswa kwenye retikulamu, sawa kabisa na CFTR. Baadhi ya mabadiliko hayo hupata nafuu kwenye joto la chini, ndiyo maana paka wa Siam ana masikio na mkia mweusi, sehemu za mwili zilizo baridi. Lakini aina iliyoenea Tanzania ni nyingine, OCA2, na kwa wengi waliopimwa chanzo ni kipande cha jeni cha herufi 2,700 hivi kilichokatika. Jeni iliyokatika namna hiyo haitoi protini ya kunyooshwa.

Kwa hiyo kinga inabaki kofia pana, mikono mirefu, losheni ya SPF 30 au zaidi, kukwepa jua kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, na kuonyesha hospitali kidonda chochote cha ngozi kisichopona kwa mwezi. Msimu wa kuokota korosho uwe na saa zake: alfajiri na alasiri ya mwisho.

Kituoni kwetu tunapata vijana wanaopata manjano na mkojo mweusi baada ya dawa. Tunahisi G6PD. Ni protini iliyoharibika? Na vipi salfa ya kupulizia mikorosho, maana wazazi wanaiogopa?
*Muuguzi, Ruangwa*

Swali zuri, dada, na hapa ndipo habari ya umbo la protini inapobadilisha kazi ya kila siku.

G6PD ni kimeng'enya kinachoikinga chembe nyekundu ya damu. Aina ya upungufu wake inayoonekana zaidi Afrika, A-, ina mabadiliko mawili kwenye protini moja: valini kuwa methionini nafasi ya 68, na asparajini kuwa asidi aspatiki nafasi ya 126. Kimeng'enya kinatengenezwa na kinafanya kazi, lakini hakidumu. Cha kawaida hupungua nusu kwa siku 62 hivi ndani ya chembe nyekundu. Cha A- kwa siku 13. Chembe nyekundu haina kiini, haiwezi kutengeneza kingine, na inaishi siku 120. Chembe changa basi ina kinga, iliyozeeka haina, na dawa inayoziunguza chembe kwa oksijeni kali huanza kupasua zilizozeeka.

Kutokana na hapo, msipime G6PD wakati damu inavunjika au mara tu baada ya hapo. Chembe zilizobaki ni changa, kimeng'enya kimo, na jibu litatoka zuri kwa mtu mwenye upungufu. Rudieni baada ya miezi mitatu, na aliyeongezewa damu asubiri vilevile, kwa sababu mtapima damu ya mchangiaji.

Dawa za kuogopa zaidi ni dapsoni, primakwini ya siku 14, methilini bluu na rasburikesi. Nitrofurantoini kwa uangalifu. Primakwini ya dozi moja ndogo ya miligramu 0.25 kwa kilo, inayotolewa kuzuia malaria ya falsiparamu isisambae, WHO inaruhusu bila kupima G6PD. Nyumbani waulizeni wazazi kuhusu vile vidonge vyeupe vya naftalini vinavyowekwa kwenye nguo dhidi ya nondo, na kuhusu hina. Hina ina lawsoni, na mtoto mchanga mwenye upungufu aliyepakwa mwili mzima anaweza kupata manjano makali. Ya mama mikononi haina hatari hiyo, ila ya kichanga iacheni kabisa.

Salfa ya mikorosho ni unga wa sulfuri yenyewe, haihusiani na dawa za kundi la sulfa, wala haimo kwenye orodha ya vitu vinavyovunja damu ya mwenye G6PD. Inachoma macho na mapafu ya kila mtu. Barakoa na miwani, na kupuliza kwa kufuata upepo.

Kuhusu kunyoosha: mwaka 2018 kundi la Daria Mochly-Rosen wa Chuo Kikuu cha Stanford lilitangaza molekuli waliyoiita AG1, inayovishikanisha vipande vya G6PD viwili viwili ili vikae imara. Ni kazi ya maabara, hakuna kidonge.

Nasoma shahada ya pili Dar es Salaam, nyumbani ni Mtwara. Nataka kujaribu gliseroli, TMAO na fenilbutireti kwenye seli zenye F508del. Makala zinatofautiana viwango na matokeo yangu ya kwanza hayarudiki. Nianzie wapi?
*Mwanafunzi wa maabara*

Anzia kwenye kipimajoto cha inkubeta. Umeme ukikatika usiku na inkubeta ikashuka hadi nyuzi 30 kwa saa kadhaa, baridi yenyewe imekunja protini yako, na asubuhi utaisifu kemikali. Weka ndani kipimajoto kinachokumbuka kiwango cha juu na cha chini kabisa, na sahani yoyote iliyoshuka chini ya 36 itupe. Ukiwa na inkubeta ya pili, itumie baridi hiyo kwa makusudi: nyuzi 27 kwa saa 24 hadi 48 ndicho kidhibiti chako chanya. Kama hata hapo protini haikomai, usipoteze kemikali, tafuta kosa kwenye seli au kwenye kingamwili.

Gliseroli: molari 1 ni gramu 92 kwa lita, yaani mililita 73. Kwa mililita 50 za chakula cha seli pima gramu 4.6 kwenye mizani. Usitumie pipeti, kwani inanata kwenye kuta na utakosa sehemu kubwa. Ipandishe kwa ngazi, 0.25, kisha 0.5, kisha 1, saa chache kila ngazi; ukiitia yote mara moja, seli husinyaa na kung'oka sahanini. Acha saa 48 hadi 72.

TMAO: milimolari 100. Soma chupa. Isiyo na maji ni gramu 75.1 kwa moli. Yenye molekuli mbili za maji ni 111.1. Kwa mililita 50 unahitaji gramu 0.376 ya kwanza au 0.556 ya pili. Anayetumia hesabu ya kwanza kwenye chupa ya pili anapata milimolari 68 na kuandika 100. Tunashuku tofauti nyingi za makala unazolalamikia zimezaliwa hapo. Pia hunyonya unyevu, na hewa ya pwani haina huruma; ihifadhi pamoja na jeli ya silika na uifunge mara tu ukishapima.

Fenilbutireti: milimolari 1 hadi 5. Chumvi yake ya sodiamu ni 186.2, gramu 0.931 kwenye maji mililita 10 inakupa akiba ya molari 0.5, na mililita 0.1 ya akiba kwa kila mililita 10 za chakula ni milimolari 5. Ukiwa na asidi yenyewe, 164.2, chukua gramu 0.821, yeyusha kwa mililita 5 za hidroksidi ya sodiamu ya molari 1, rekebisha pH hadi 7.4, jaza maji hadi mililita 10, chuja kwa tundu la mikromita 0.2. Asidi isiyorekebishwa hugeuza chakula kuwa njano na kuua seli, na seli zinazokufa huonyesha mambo ya ajabu.

Kuna mtego mwingine kwenye fenilbutireti. Huzuia vimeng'enya vinavyoondoa asetili kwenye histoni, hivyo jeni nyingi huwashwa, pamoja na hiyo unayoichunguza. Bendi ikinenepa, huenda protini imetengenezwa nyingi tu, haijakunjika zaidi. Pima ujumbe wa jeni sambamba, au zuia utengenezaji kwa saikloheksimidi na uchukue sampuli saa 0, 2, 4 na 8 uone kama ile iliyopo inadumu zaidi.

Usomaji wenyewe: CFTR isiyokomaa, bendi B, iko karibu kilodaltoni 150, iliyokomaa, bendi C, karibu 170 hadi 180. Thibitisha kwa Endo H, inayokata sukari za bendi B na kuiacha C. Usichemshe sampuli kwenye nyuzi 95. Protini hii ya utandoni hugandana na kubaki juu ya jeli, nawe utadhani haipo. Dakika 15 hadi 30 kwenye nyuzi 37 zinatosha. Bendi C ikionekana, bado pima kama mlango unapitisha kloridi. Protini inaweza kufika utandoni na isifunguke.

Na usijenge tasnifu nzima juu ya fenilbutireti kama dawa. Kwa upungufu wa alfa-1 antitripsini ilipandisha protini hiyo kwenye damu ya panya. Jaribio dogo la wagonjwa lililochapishwa 2004 halikuona mabadiliko. Ikichanganywa na TUDCA, aina ya asidi ya nyongo, iliidhinishwa Marekani 2022 kwa ugonjwa wa neva uitwao ALS, na 2024 ikaondolewa sokoni baada ya jaribio kubwa kushindwa. Inapofanya kazi kweli ni kwenye magonjwa ya mzunguko wa urea, na kule huisaidia amonia itoke kwa njia nyingine. Hainyooshi chochote.

Assalamu alaykum. Nimesoma kwamba ambroksoli, dawa ya kikohozi ninayoiuza kila siku, ni chaperoni ya ugonjwa wa Gaucher na inajaribiwa kwa Parkinson. Halafu nasoma kwamba inazuia kimeng'enya hichohicho. Inasaidiaje kwa kuzuia? Na mteja akinunua chupa nyingi nimwambieje?
*Mfamasia, Kilwa Masoko*

Waalaykumu ssalamu. Siri iko kwenye uchachu. Kimeng'enya cha glukoserebrosidesi, ambacho ndicho kibovu kwenye ugonjwa wa kurithi wa Gaucher, hukunjwa kwenye retikulamu, pH ya 7 hivi, na hufanya kazi kwenye lisosomu, chumba cha kusagia taka za seli, pH kati ya 4.5 na 5. Ambroksoli hukishika vizuri kwenye pH ya 7, na kukishika ndiko kunakokikaza kipite ukaguzi. Kikifika kwenye uchachu, mshiko unalegea na kimeng'enya kinaachiwa kifanye kazi.

Migalastati, dawa ya ugonjwa mwingine wa kurithi uitwao Fabry, iliyoidhinishwa Ulaya 2016 na Marekani 2018, hutumia kanuni hiyo: miligramu 123, siku moja unameza, siku ya pili hunywi, ili dawa ipate muda wa kutoka. Mgonjwa hali chakula saa mbili kabla na saa mbili baada. Hupewa tu wale ambao badiliko lao la jeni limo kwenye orodha ya yanayoitikia. Mgonjwa anayejiongezea iwe kila siku anakizuia kimeng'enya chake mwenyewe.

Kwa mteja wako, mwonyeshe kipimo. Jaribio la Parkinson lililochapishwa 2020 lilitumia miligramu 420 mara tatu kwa siku. Kwa sharubati ya miligramu 30 katika mililita 5, hiyo ni mililita 70 kila mara, mililita 210 kwa siku, pamoja na sobitoli ya kutosha kumharisha. Muuzie ya kikohozi, kwa dozi ya kikohozi. Akipata vipele au malengelenge mdomoni, aache mara moja na aende hospitali, kwani ambroksoli ina madhara ya ngozi yaliyo nadra lakini makali.

Tunatuma sampuli Dar es Salaam kwa basi. Majibu ya G6PD yanarudi na upungufu kwa karibu kila mtoto. Kosa liko wapi?
*Fundi sanifu wa maabara, Lindi*

Yaelekea njiani. Kipimo cha jeni na kipimo cha kimeng'enya havisafiri sawa. DNA hustahimili: mililita 2 hadi 4 kwenye chupa ya EDTA, kifuniko cha zambarau, kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, hudumu siku kadhaa. Kimeng'enya ni protini, na joto la buti la basi hukifumua hata kwa mtoto mzima wa afya, halafu maabara inaandika upungufu kwa haki kabisa.

Kama mnatumia kadi za matone ya damu, jazeni duara lote kwa tone moja kutoka upande mmoja. Kausheni kadi ikiwa imelala, bila kugusana na nyingine, kwa muda wa saa 4 kivulini. Mvua za masika zikiwa zimeshika, acheni zaidi. Kadi ikifungwa na unyevu, kimeng'enya hufa ndani ya mfuko. Mfuko uwe wa zipu, una pakiti za silika na kadi ya kuonyesha unyevu. Silika iliyogeuka rangi ibadilisheni kabla ya kutuma. Sanduku la ubaridi lipande juu na abiria, na kila shehena iwe na sampuli ya mtu mzima mnayemjua hana upungufu. Yake ikirudi chini, rudieni zote.